Neno "Mahari" Katika Nchi ya Ukoo wa Mama

Yapo maneno ambayo mtafsiri huyapita bila kusimama, kwa kuwa anaamini anayajua tangu utotoni. Mojawapo ni mahari. Likitokea katika hukumu, katika waraka wa serikali au katika kitabu cha historia, kalamu huliandika mara moja na kuendelea na sentensi inayofuata. Katika makala haya tunakusudia kulisimamisha neno hilo, kulihoji juu ya asili yake na safari yake, kisha kulifuata hadi kusini mashariki ya Tanzania, ambako kwa maoni yetu limesababisha mambo yasiyolingana kuitwa kwa jina moja, na mwanamke akapungukiwa haki kwa sababu hiyo.

Tumechagua kuitazama Matambarale na nchi inayoizunguka. Matambarale ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, wilaya iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995. Wenyeji wengi wa nchi hiyo ni Wamwera, na wamechanganyika na Wayao, Wamakua na Wamakonde. Lugha zao ni mbalimbali, lakini jambo moja huwaunganisha: mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Bwana J.A.R. Wembah-Rashid aliwaandikia watu hawa kitabu kizima cha historia, kilichochapishwa Vienna mwaka 1975, na anayetaka kujua mapana ya jambo hili hana budi kukitafuta. Sisi hapa tunashughulika na maneno.

Tuanze pwani, kwa kuwa ndiko neno lilikoshukia. Mahari ni neno la Kiarabu, mahr, na lina ndugu yake katika Kiebrania cha kale, mohar, linalopatikana katika kitabu cha Mwanzo. Katika sheria ya Kiislamu maana yake ni bayana kabisa. Sura ya nne ya Kurani yaamuru wanawake wapewe mahari yao wao wenyewe. Mahari ni haki ya mke: si ya baba yake, wala ya kaka yake, wala ya ukoo wake. Aweza kuipokea yote siku ya nikahi, au sehemu ikatangulizwa na sehemu ikabaki kuwa deni shingoni mwa mume. Akipenda aweza kumsamehe, lakini hakuna mwingine awezaye kusamehe kwa niaba yake.

Waswahili wa pwani hawakuichanganya haki hiyo na zawadi walizopewa wazazi. Kila zawadi ilikuwa na jina lake. Baba alipewa kilemba. Mama alipewa mkaja, kwa ukumbusho wa kitambaa alichojifunga tumboni baada ya kuzaa, na ubeleko, kwa ukumbusho wa nguo aliyombebea mtoto mgongoni. Palikuwa na kipa mkono na vinginevyo vidogo vidogo, kila kimoja na mwenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten nchini Ujerumani mwaka 1903, alieleza mambo ya posa na harusi kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba kila kitu kina jina lake. Tunasema wazi kwamba istilahi za ndoa za pwani ya wakati ule zilikuwa kamili kuliko zile tunazozitumia leo maofisini. Maneno kilemba na mkaja yalitaja mtu na sababu, ilhali "mahari" ya leo hutaja kiasi tu.

Kiswahili kilipopanda bara pamoja na misafara, kisha pamoja na serikali za Wajerumani na Waingereza, kilikuta desturi nyingine. Usukumani, Uhaya, Mara na kwingineko, ng'ombe, mbuzi, majembe au fedha hutoka upande wa mwanamume na kwenda kwa baba wa msichana na ndugu zake. Mali hiyo haiwi ya bibi arusi. Aghalabu ng'ombe wale wale hutumika kumwolea kaka yake. Nayo hufanya kazi kubwa kuliko kufunga ndoa: huhamisha watoto. Mahali mali ilipotolewa, watoto huhesabiwa upande wa baba. Isipotolewa, huweza kudaiwa na upande wa mama. Mtu makini angetafuta neno jingine kwa jambo hili, kwa kuwa ni karibu kinyume cha mahr ya Kiislamu. Lakini makarani na wafasiri wa mwanzo walilichukua neno la pwani lililokuwa karibu, nalo likaenea nchi nzima. Wazungu nao waliongeza tatizo walipolifasiri kwa neno la Kiingereza ambalo kwao lilimaanisha mali aliyokuja nayo bibi arusi kutoka kwao, yaani mali iliyofuata njia ya kinyume kabisa.

Basi tayari neno moja lilikwisha beba mizigo miwili isiyolingana. Mzigo wa tatu liliupata kusini.

Katika desturi ya zamani ya Wamwera na jirani zao, mwanamume aliyetaka kuoa hakupeleka kundi la mifugo kwa mkwe wake. Kwanza, nchi yenyewe ina mbung'o na mifugo ilikuwa michache. Pili, na hili ndilo kubwa, hapakuwa na cha kuhamisha. Mwanamke hakuondoka kwao. Mwanamume ndiye aliyehamia. Alikwenda kijijini kwa mama wa mkewe, akajenga nyumba, akafyeka msitu, akalima shamba la wakwe pamoja na la mkewe, na mwenendo wake ukapimwa kwa muda. Zawadi zilikuwapo, lakini zilikuwa ndogo na zilikuwa ishara. Kilichotazamwa ni mikono yake.

Wasomaji wa vitabu vya dini hawatashangaa. Yakobo alimtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli, akadanganywa, akatumikia saba mingine. Musa naye, kama isemavyo Sura ya ishirini na nane ya Kurani, aliozwa kwa sharti la kumtumikia baba wa msichana miaka minane, na akitaka kukamilisha kumi, hiari yake. Wafasiri wa vitabu hivyo kwa Kiswahili walieleza utumishi huo kama ulivyo. Wangeandika kwamba Yakobo alilipa mahari tu, hadithi yote ingeharibika, kwa kuwa msomaji asingejua kwa nini aliishi kwa mkwewe miaka yote hiyo. Hatuoni kwa nini kijana wa Kimwera wa mwaka 1880 anyimwe uangalifu waliopewa manabii.

Sasa tuuangalie upande wa mwanamke, maana hapo ndipo penye uzito. Katika utaratibu huo shamba alilolima lilikuwa la upande wa mama yake, na nyumba ilisimama katika ardhi hiyo. Ndoa ikivunjika, mume ndiye aliyefunga mzigo. Watoto walibaki, bila kesi wala hesabu ya ng'ombe wa kurudisha, kwa sababu hapakuwa na ng'ombe. Mwanamke aliyepigwa au kudharauliwa alikuwa na ndugu zake hatua chache kutoka mlangoni kwake. Wayao hulitaja kundi hili kwa neno mbumba, yaani akina dada pamoja na watoto wao chini ya uangalizi wa kaka yao mkubwa. Na mtu mwenye mbumba kubwa alikuwa mtu mkubwa. Kwa Wamakua, hasa upande wa Msumbiji, kipo cheo cha apwiyamwene, mwanamke mkubwa wa ukoo ambaye mwenye nchi hawezi kupuuza ushauri wake. Tumeona mahali fulani cheo hicho kikifasiriwa "malkia". Tafsiri hiyo haifai, kwa kuwa yeye si mke wa mfalme wala si mfalme wa kike. Ni mama wa ukoo mwenye sauti.

Hata hivyo tusiwapambe watu wa kale kwa sifa wasizokuwa nazo. Ukoo wa mama si utawala wa wanawake, na mtafsiri anayechanganya mambo hayo mawili anawadanganya wasomaji wake. Aliyemsemea mwanamke barazani alikuwa mwanamume, yaani mjomba au kaka, na mamlaka ya mjomba yaliweza kuwa mazito. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikivuka nchi hizi kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa Kivinje na Lindi, mtoto aliweza kuwekwa rehani na mjomba wake kwa ajili ya deni au njaa, na rehani isipokombolewa, njia ya kwenda pwani ilikuwa fupi. Haki ile ile iliyompa mjomba wajibu wa kumlinda mpwa ilimpa uwezo wa kumtoa.

Biashara ya watumwa ilileta pia aina ya mke ambayo desturi haikuijua awali. Mwanamke aliyetekwa vitani au kununuliwa hakuwa na mama, wala mjomba, wala shamba la kwao. Watoto aliozaa hawakuwa na ukoo wa kuukeni wa kuwadai, kwa hiyo walikuwa wa mume. Kwa mwanamume aliyechoka kuwa mgeni katika kijiji cha wakwe, jambo hili lilikuwa na mvuto mkubwa: kwa fedha au kwa bunduki aliweza kuwa baba mwenye watoto wake mwenyewe, akaishi kwao. Ni ajabu ya kusikitisha kwamba katika nchi hii mke wa kwanza ambaye mali iliyotolewa kwa ajili yake ilihamisha watoto alikuwa mtumwa. Anayefahamu hilo hatashangaa kwamba kulipiwa mali nyingi hakukuwa, kwa mwanamke huru wa kusini, alama ya heshima kama kulivyokuwa Usukumani.

Tumesema ukoo wa kuukeni, na tunaomba ruhusa ya kusimama hapa kidogo. Kiswahili cha zamani kina jozi nzuri ya maneno, kuumeni na kuukeni, yaani upande wa baba na upande wa mama. Waandishi wa siku hizi wameyaacha, wakatunga virefu vya maneno manne au matano. Wengine huogopa kwamba "kuume" itadhaniwa mkono wa kulia. Hofu hiyo hatuioni kuwa na msingi, kwa kuwa muktadha hutenganisha maana hizo bila taabu.

Mabadiliko yalikuja kwa njia kadhaa, na hayakuja kwa siku moja. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, ambavyo Wamwera walivipigana, viliteketeza misheni za Nyangao na Lukuledi, kisha vikafuatwa na kisasi cha Wajerumani na njaa. Uislamu, uliokuwa wa miji ya pwani, ulienea vijijini kwa kasi katika miongo iliyofuata. Dada Felicitas Becker ameeleza historia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2008. Pamoja na mwalimu na nikahi lilikuja neno mahari, sasa katika maana yake ya asili, haki ya mke. Wakristo wa Masasi na Ndanda nao walihitaji neno la kuandika katika vitabu vyao vya ndoa. Wote walikutana katika neno hilo moja, kila mmoja akiwa na lake moyoni.

Lakini kwa maoni yetu fedha ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko mimbari. Kijana aliyekwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge hakuweza wakati huo huo kumlimia mama mkwe. Mwaka 1947 ulipoanza mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake, na reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mpango wenyewe ulikufa mwaka 1951, baada ya kula mamilioni ya paundi za Waingereza, lakini mshahara wa mwezi ulikuwa umekwisha kujulikana. Mahali pa miaka ya kulima pakaingia shilingi. Nani azipokee? Kazi ya shambani ilikuwa imemnufaisha mama wa msichana na nyumba yake. Shilingi zilipokelewa barazani, na barazani waliketi wanaume. Mara baba, ambaye katika desturi ya zamani alikuwa mgeni kama huyo mkwe, akapata sababu ya kunyoosha mkono. Mjomba alinyoosha wake pia. Neno mahari lilifunika ushindani huo wote, kwa kuwa halisemi mpokeaji ni nani.

Uhamishaji wa watu katika vijiji katika miaka ya 1970 uliongeza jambo lake. Nyumba zilizokuwa zimejikusanya kwa akina mama na binti zao zilipangwa kwa mistari, na viwanja vikaandikwa kwa jina la mkuu wa kaya. Katika mawazo ya karani mwenye daftari mkuu wa kaya alikuwa mume. Hapa tena tunaona istilahi ikitangulia na mali ikifuata.

Tugeukie sheria. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilikusudia kuziunganisha mila za makabila mengi ili mahakimu wasipotee. Nia ilikuwa njema, na kazi kubwa ya maandalizi ilikuwa imefanywa na Hans Cory, aliyeandika juu ya Wahaya na Wasukuma. Lakini tangazo hilo lilitungwa kwa kufuata mila za makabila yenye ukoo wa kuumeni. Mahari yake ni mali iendayo kwa baba wa msichana, na watoto wake ni wa upande wa baba. Watu wa ukoo wa kuukeni, ambao mbali na hawa wa kusini ni pamoja na Waluguru na Wazaramo, walibaki nje ya maandishi. Na mila isiyoandikwa, ikikutana mahakamani na mila iliyoandikwa, hutetewa na wazee tu, kama wazee wapo na kama hakimu, ambaye labda ametoka mkoa mwingine, anajua swali la kuuliza.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitazama mbali zaidi. Kifungu cha 66 kilikataza mume au mke kumpiga mwenzake kwa kujidai ana haki ya kumwadabisha. Kifungu cha 114 kiliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali hiyo. (Neno mchango, ambalo zamani lilitukumbusha harambee na misiba, lilipata siku hiyo uzito wa kisheria.) Lakini kifungu hicho cha 114, na kile cha 125 kihusucho malezi ya watoto, vinamtaka hakimu, pamoja na mambo mengine, azingatie mila za jamii ya wahusika. Hapo ndipo neno letu linapokuwa na hatari. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke wa Matambarale yuko mbele ya mahakama ya mwanzo, na mume anadai watoto na nyumba akisema, "Nilitoa mahari." Karani anaandika: mdai alitoa mahari. Ikiwa kilichotolewa kilikuwa mahr, ni mali ya mke na haihusiani na watoto. Ikiwa kilikuwa zawadi ya kuwapa heshima wakwe, hakikununua chochote. Ni katika maana ya tatu tu, ya mila za kuumeni, ambapo maneno ya mume yana uzito anaoutaka, na maana hiyo si ya jamii yake. Lakini kumbukumbu ya shauri haitofautishi, na hakimu wa rufaa atakayeisoma mbali na Ruangwa ataichukua maana anayoijua yeye.

Kwa hiyo hatusemi neno mahari lifutwe. Limeota mizizi, na hakuna baraza linaloweza kuling'oa. Tunachopendekeza ni kwamba katika hukumu, tafsiri na vitabu vya shule litumike peke yake pale tu linapotaja haki ya mke katika ndoa ya Kiislamu. Mali iendayo kwa wazazi iitwe mahari ya wazazi, au kwa majina yake, kilemba na mkaja, pale yanapofaa. Kazi ya mkwe itajwe kuwa kazi: "utumishi wa mkwe" ni istilahi inayoeleweka bila kamusi. Na habari za Bara Hindi, ambako sheria ya mwaka 1961 ilikataza mali inayodaiwa kwa wazazi wa bibi arusi na upande wa bwana, zisiandikwe kamwe kwa neno mahari bila maelezo. Msomaji wetu hushangaa kusikia kwamba mwanamke ameteswa kwa sababu ya "mahari", akadhani ni mume aliyelipa kidogo, kumbe ni baba wa mke.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama za ngazi zote. Hadi hapo mahakama za mwanzo ndizo zilizokuwa zikiendeshwa kwa Kiswahili, na makosa ya istilahi yaliweza kusahihishwa juu, kwa Kiingereza. Sasa neno lililoandikwa chini litapanda lenyewe hadi juu. Tungependa watafsiri wakitazame kwa makini kifungu cha 41 cha Sheria ya Ndoa, kisemacho kwamba ndoa iliyotimiza masharti mengine ni halali hata kama haikutimizwa mila ihusuyo mahari, au kutoa na kupeana zawadi kabla au baada ya ndoa. Katika mihtasari mingi sehemu ya pili huachwa, ikabaki kwamba ndoa ni halali hata bila mahari. Ni sehemu hiyo ya pili inayoigusa Matambarale, nayo yafaa itafsiriwe nzima, pamoja na "kabla au baada" yake, kwa kuwa utumishi wa mkwe wa Kimwera ulianza kabla ya ndoa na kuendelea miaka mingi baada yake.